Tuliokulia miji midogo tukiwa mashoga, tukiwaza kuondoka tu (uzi mrefu)

Mtoto wa Stesheni (mleta uzi):

Habari zenu ndugu zangu. Kwa muda sasa nimekuwa nikitumiwa ujumbe pembeni na vijana, wengi wa Pwani na wachache wa Tanzania, na swali lao ni lile lile: kaka, niondoke au nivumilie? Huwa najibu haraka haraka halafu moyo unabaki hauna raha, maana hili si jambo la kujibiwa kwa mistari miwili. Basi nalileta hapa. Nitasema niliyopitia na ninayoyajua, na wengine mchangie. Mwenye matusi naomba apite tu, kuna watoto wa watu wanasoma.

Mimi ni mwanamume na napenda wanaume. Nimezaliwa na kukulia Voi, sasa niko Nairobi. Zaidi ya hapo sitasema, mtanisamehe.

Kwa asiyeijua Voi, ni mji wa njiani. Ukitoka Mombasa kwenda Nairobi unaikuta baada ya kilomita kama 160. Reli ya zamani ilipita hapo, na SGR nayo ikaweka kituo hapo mwaka 2017. Malori ya Malaba yanapita hapo, na ya kwenda Taveta kuvuka Holili yanachepukia hapo. Shangazi yangu alikuwa na kibanda cha chai karibu na steji, na jioni nikitoka shule nilikuwa namsaidia kuosha vikombe na kubeba chupa ya chai hadi kwenye mabasi. Watu hudhani mtoto kama mimi alikuwa anatamani nguo za abiria au simu zao. Mimi nilikuwa nawatazama waliolala. Mwanamume mzima kaegemeza kichwa kioo, mdomo wazi, mikono kaiachia mapajani kama si yake, na jirani yake hata hamjui jina. Hakuna anayemwangalia kalala vipi, wala mkono wake umekaaje. Niliwaonea wivu sana wale watu, na miaka mingi sikujua kwa nini.

Sababu ni kwamba mimi nilikuwa lindoni saa zote. Ilianza nikiwa darasa la tatu au la nne, kaka yangu aliponiambia mbele ya wenzake, "Mbona unatembea hivyo wewe?" Sikujua natembea vipi. Kuanzia siku hiyo nikaanza kujitazama nikitembea. Baadaye zikaja amri za mikono: usiikunje kiunoni, usiirushe ukiongea. Zikaja za kicheko. Zikaja za kukaa, usipandishe mguu juu ya mguu. Sauti ilipoanza kuvunjika nikajifundisha kuitoa kifuani, nzito, polepole, nikipima kila neno kabla halijatoka. Walimu wakawa wananisifu kwamba nina utulivu. Ule haukuwa utulivu. Nilikuwa na hofu asubuhi, mchana na jioni, na nikilala nilikuwa naogopa nisije nikaota kwa sauti.

Ndiyo maana nasema, mtu akikuuliza kwa nini unataka kuondoka nawe huna kipigo cha kumwonyesha wala kesi polisi, usijione huna sababu. Kuna kuchoka kwa namna hiyo ambako hakuna alama.

Mtoto wa Stesheni:

Naendelea. Februari 2010 ndipo nilipojua kwa hakika kwamba nyumbani hapatakuwa na nafasi yangu. Wenzangu wa Pwani mtaikumbuka: ulizuka uvumi kwamba wanaume wawili wanafunga ndoa Mtwapa. Watu wakahamasishana, viongozi wa dini wakiwa mbele, umati ukakizingira kituo cha afya kilichokuwa kinahudumia watu wenye VVU, watu wakashikwa, wengine wakapigwa. Harusi yenyewe haikuwepo. Mimi nilikuwa sekondari, niko nyumbani siku hiyo, na baba alikuwa anasikiliza habari kwenye redio akinywa uji. Akasema, bila hasira yoyote, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba mtoto wake akiwa hivyo atampeleka kwa mikono yake mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nimemmiminia ule uji. Nikachukua kikombe, nikakiosha, nikakirudisha kabatini.

Baba hakuwa mtu mbaya. Alitulipia karo kwa shida kubwa, na hajawahi kumpiga mama. Hilo ndilo linalowafunga wengi wetu. Ingekuwa rahisi kumkimbia mtu unayemchukia.

Kanisani nako nilipelekwa kuombewa. Nani alisema nini kwa mchungaji mpaka leo sijui, ila siku moja baada ya ibada ya vijana nikaambiwa nibaki. Wazee wakanizunguka, mmoja akanimiminia mafuta ya upako kichwani, yakashuka shingoni mpaka kwenye kola ya shati. Wao wanakemea pepo, mimi nawaza lile doa mama atalitoaje, kwa sababu ndilo shati langu la pekee la Jumapili. Wakaniuliza nimejisikiaje. Nikasema nimejisikia mwepesi. Nilisema hivyo ili wanyamaze, na wakashangilia.

Halafu shule ya bweni. Hapo sitakaa sana. Niliandikiwa maneno kwa msumari kwenye sanduku langu la bati, maneno mnayoyajua, makubwa, mbele kabisa pale kwenye kufuli. Likizo nikalibeba nyumbani nimeligeuzia miguuni kwangu kwenye matatu. Nililisukuma chini ya kitanda. Asubuhi kabla ya kurudi shule nikalikuta limepakwa rangi ya buluu, ile iliyobaki kwenye kopo baada ya kupaka lango la shangazi. Mama alikuwa amelipaka usiku, na brashi alikuwa ameiloweka kwenye mafuta ya taa nje mlangoni. Hakuniuliza neno. Hakunitazama nilipomtazama. Akaniambia nisiliguse mpaka likauke.

Nimeyaeleza haya yote kwa sababu vijana wengi wananiambia "nyumbani hakuna anayejua." Ndugu yangu, mara nyingi yupo anayejua.

Mkweli Daima:

Nakuheshimu umeandika bila matusi, nami sitatukana. Lakini hii si mila yetu Waafrika. Ni mambo mmeiga kwa wazungu kwenye mitandao.

Mtoto wa Stesheni:

Asante kwa kuongea kistaarabu, nami nitakujibu hivyo hivyo. Niliyokueleza ya darasa la nne yalitokea nyumba haina televisheni, na intaneti tulikuwa hatujaisikia. Nilikuwa namuiga nani pale Voi?

Na kama tunatafuta kilicholetwa na wazungu, tuanze na sheria yenyewe. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya, vinavyofanya mapenzi yetu kuwa kosa, viliandikwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza, kanuni hiyo ilianza 1930, na mfano wake ni ile sheria waliyoiweka India mwaka 1860. Waingereza wenyewe walianza kuiacha kwao 1967. India nayo mahakama yao ya juu kabisa iliifuta kwa watu wazima walioridhiana Septemba 2018. Sisi bado tunayo, miaka 14 jela kwa kifungu cha 162, tunailinda kama ya babu zetu.

Tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu pale Milimani walikataa kuviondoa vifungu hivyo. Nilikuwa kazini, nasoma hukumu kwenye simu chini ya meza. Wiki ile ile, tarehe 21, tulikuwa tumempoteza Binyavanga Wainaina. Vijana wadogo huenda hamkumjua. Alizaliwa Nakuru, akawa mwandishi mkubwa, na Januari 2014, siku anatimiza miaka 43, aliandika waziwazi kwamba yeye ni shoga. Aliandika kana kwamba anamwambia mama yake, mama ambaye alikuwa ameshafariki bila kuambiwa. Mimi niliisoma kwenye simu nikiwa Mombasa, nikaifuta, nikaitafuta tena, nikaisoma, nikaifuta. Sikuwa nimewahi kuona Mkenya mwenye jina na sura akisema maneno hayo bila mtu kumshikia rungu.

Dada wa Magharibi:

Kaka, umenikumbusha mengi na hilo sanduku. Naomba niongeze upande wa wanawake, kwa sababu kwetu ni tofauti kidogo.

Sisi tunaweza kushikana mikono barabarani, tunaweza kulala kitanda kimoja na rafiki, hakuna anayeuliza. Lindo letu liko kwenye ndoa. Mimi natoka upande wa Kakamega. Nilipomaliza kidato cha nne tu, wajomba wakaanza kuhesabu ng'ombe. Kila mgeni mwanaume aliyekuja nyumbani nilitumwa mimi nimpelekee maji ya kunawa. Nilikuwa nampenda msichana mmoja wa Kisumu, naye ananipenda, na tukaona njia ni moja tu: mmoja wetu aende Uarabuni atafute pesa.

Nikaenda Saudia kazi za ndani. Jamani, mtu anakimbia moshi anaingia jikoni kwenyewe. Pasipoti ilichukuliwa siku niliyofika. Siruhusiwi kutoka, simu napewa usiku, na sheria ya kule kwa watu kama sisi ni kali kuliko ya kwetu. Tulikuwa tunatumiana sauti na mwenzangu, nasikiliza nimejifunika shuka, nafuta papo hapo. Ni kujificha kule kule, tena mbali na kila anayenipenda.

Nilimaliza mkataba kwa sababu nilitaka pesa yangu. Nashukuru Mungu nililipwa, wengi hawalipwi. Leo tuko Kisumu, tuna saluni yetu ndogo, mwenye nyumba anajua sisi ni mabinamu. Bado ni kujificha, lakini mlango ni wetu na funguo tunazo wenyewe. Ninachowaambia mabinti: usiende Uarabuni ukidhani unakwenda kuwa huru. Nenda kama unakwenda kazini, na ujue unarudi kufanya nini.

Mtoto wa Stesheni:

Dada yangu, asante sana. Hilo la mwisho lirudiwe kila siku.

Msafiri wa Buyenzi:

Amani kwenu. Mie ni Mrundi, natoka Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ndiyo maana Kiswahili nakijua tangu utoto. Nataka kusema kuhusu ukimbizi, kwa sababu naona vijana wanauliza namna ya kwenda Kakuma kana kwamba ni kituo cha basi la Ulaya.

Kwetu Burundi hili halikuwa kosa la jinai mpaka 2009, sheria mpya ikaliweka. Mwaka 2015 nchi ilipochafuka nikakimbia kama wengine, nikafika Kenya. Watu wa Uganda walikuwa wametangulia, baada ya sheria yao ya kupinga ushoga ya Februari 2014. Hiyo ilifutwa na mahakama Agosti mwaka huo huo, lakini wao walikuwa wameshapoteza nyumba na kazi. Halafu 2023 ikaja nyingine, yenye hukumu ya kifo ndani yake kwa makosa wanayoyaita mazito.

Kakuma iko Turkana, kambi ya tangu 1992. Ni jua na vumbi. Kujificha pale ni kugumu kuliko mtaani, kwa sababu bomba la maji ni la pamoja, choo ni cha pamoja, foleni ya chakula ni ya pamoja, na waliokufukuza kwenu nao wako pale, wamekimbia vita yao. Machi 2021 wenzetu walirushiwa petroli wakiwa wamelala, mmoja akafariki baada ya wiki chache. Mimi namjua mtu aliyembeba.

Unafanyiwa mahojiano, unasubiri. Unafanyiwa mengine, unasubiri. Kupelekwa nchi ya tatu si haki yako, ni nafasi chache nchi hizo zinazotoa. Januari 2025 Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa wameshapewa tarehe ya ndege wakabaki na mabegi.

Sisemi usikimbie. Kama mtu anataka kukuua, kimbia leo. Lakini kama bado una siku za kujipanga, zitumie.

Mtoto wa Stesheni:

Ndugu, pole kwa yote, na asante. Niongeze jambo moja kwa Wakenya, maana naulizwa sana: wewe Mkenya huwezi kuwa mkimbizi ukiwa Kenya. Kwa Mkataba wa 1951, mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake. Anayekuambia umlipe akuandikishe Kakuma ni tapeli.

Kuna hukumu moja ya Uingereza napenda kila mmoja wetu aijue, hata kama hutapanda ndege maisha yako yote. Zamani mtu akiomba hifadhi kule kwa sababu ya kupenda jinsia yake, serikali iliweza kumwambia: rudi kwenu, jifiche vizuri tu, hutadhurika. Tarehe 7 Julai 2010 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema hapana. Walalamikaji walikuwa wawili, mmoja wa Iran na mwingine wa Cameroon. Mahakama ikasema mtu asitakiwe kuishi amejificha kwa kuogopa kuteswa, kwa sababu kujificha huko ndiko kunakomnyima kile anachostahili kulindiwa. Mahakama ya Umoja wa Ulaya nayo ikafuata Novemba 2013.

Nilipoisoma mara ya kwanza nililia, mtu mzima. Yale niliyokuwa nayafanya tangu darasa la nne, ya mikono na sauti, majaji wa mbali kabisa walikuwa wameyaona na kuyahesabu kuwa ni dhuluma. Wazazi wetu, walimu wetu, wachungaji wetu, wote walituambia "jizuie tu, utaishi." Kumbe kujizuia kwenyewe ndiko kulikokuwa kunatumaliza.

Mzazi wa Taveta:

Nimeusoma uzi huu wote kuanzia juu. Mimi ni mama, nina mtoto wa kiume wa miaka 17. Sijui kama ni hivyo au sivyo, lakini ninyi mnajua ninachosema. Mwaka huu amekuwa haongei. Anakula chumbani. Baba yake ni mkali. Nimwambie nini? Naogopa nikiuliza ataondoka, na naogopa nisipouliza ataondoka.

Mtoto wa Stesheni:

Shikamoo mama. Nimefurahi mno umeandika.

Usimuulize. Mtoto akiulizwa hivyo hana pa kwenda, akisema ndiyo anaogopa, akisema hapana amejifungia mlango mwenyewe. Yeye ndiye aje siku yake. Kazi yako ni kumwonyesha kwamba ukija huo wakati hutamtupa. Akisikia watu wanamtukana mtu wa namna hiyo kwenye redio au mtaani, wewe sema kwa sauti asikie, "Na yule naye ana mama yake." Basi. Sentensi moja kama hiyo ningeisikia kwetu mwaka 2010, ningekaa nayo miaka.

Baba yake akianza kumsema kuhusu kutembea au kuongea, ingilia, badilisha mazungumzo, mtume dukani. Mpe chumba chake heshima, usimpekue simu. Na mama, mtazame kwa makini kama anagawa vitu vyake, au anasema kwamba hana haja ya kuwepo. Hapo usingoje siku yake. Kaa naye, usimwache peke yake, mtafutie mshauri. Namba 116 ya watoto Kenya ni ya bure, na wewe mzazi unaweza kuipiga.

Mama yangu hakuwahi kunitamkia lolote. Miaka baadaye, nikiwa nimeshahamia Nairobi, nilimpigia simu jioni moja, naongea nacheka, nimejisahau. Akanyamaza, akasema, "Sauti yako imerudi." Nikamuuliza imerudi kutoka wapi. Akasema, "Ulikuwa unaongea hivi ulipokuwa mdogo, ukaacha." Alikuwa ameona siku nilipoacha, na alikuwa ameingoja muda wote huo.

Mzazi wa Taveta:

Marahaba mwanangu. Nimelia. Hilo la "ana mama yake" nitalisema.

Kijana wa Tanga:

Mkuu, shikamoo. Mimi ndiye niliyekutumia ujumbe wiki iliyopita. Nina miaka 19, nipo Tanga, nimemaliza kidato cha sita nasubiri matokeo. Nyumbani wameanza kunisema, mjomba amesema atanipeleka kwa mganga. Kuna kaka mmoja nimempata mtandaoni yupo Nairobi, anasema niende nikae kwake, nauli atatuma. Sijawahi kuonana naye. Nataka kuondoka hata kesho. Huku kwetu unajua sheria ilivyo, miaka 30 mpaka maisha, na mwaka 2018 nilikuwa mdogo nakumbuka yule mkuu wa mkoa wa Dar alivyotangaza majina ya mashoga yapelekwe kwake. Nyumbani walishangilia.

Mtoto wa Stesheni:

Marahaba mdogo wangu. Nimekuwa nakuwaza tangu ulipoandika.

Kwanza kabisa, una haki ya kutaka kuondoka. Usiombe msamaha kwa hilo, wala kwa Mungu wala kwa mjomba.

Lakini kwa huyo kaka, usiende. Huenda ni mtu mwema, sijui. Ila ninachokijua mimi na kila mtu wetu Nairobi ni hiki: mchezo wa kumwita kijana mtandaoni, anafika, anakuta wanaume wengine chumbani, anapigwa picha, anaporwa simu, halafu anaambiwa atume pesa kila mwezi la sivyo picha zinakwenda nyumbani. Hawezi kwenda polisi, na wao wanajua hawezi. Wamefanyiwa watu wazima wenye kazi zao. Wewe utakuwa nchi ya watu, huna hata mtu wa kulala kwake usiku huo.

Na Nairobi yenyewe nikuambie ukweli. Niliondoka Voi nikaanzia Mombasa, kazi ya dukani, nikaja huku baadaye. Nilipofika bado nilikuwa natembea lindoni, hakuna hata aliyekuwa ananijua! Mwili haukuwa na habari kwamba tumeshafika. Kilichonilegeza ni watu. Rafiki mmoja wa kazini alinipeleka kwa wenzake Jumapili, chumba kimoja huko Umoja, tunapika ugali na omena, mmoja wao akaniuliza, "Mbona unaongea kama unasoma taarifa ya habari?" Wakacheka wote, nikacheka nao, na kile kicheko kilitoka kama kilivyotaka chenyewe. Hapo ndipo nilipofika Nairobi, ingawa nilikuwa nimeshalipa kodi ya chumba muda mrefu.

Ila hata sasa si salama kabisa. Februari 2023 Mahakama ya Juu ilisema shirika la kututetea liruhusiwe kusajiliwa, majaji watatu kwa wawili, tukafurahi, na ndani ya miezi michache watu wakaandamana, mbunge akaleta muswada wa kutufunga zaidi, wenye nyumba wakawatoa watu. Mwezi mmoja tu kabla ya hukumu hiyo tulikuwa tumemzika Edwin Chiloba, kijana wa mitindo, aliyekutwa ndani ya sanduku la bati kando ya barabara karibu na Eldoret. Na 2025 misaada ya Marekani ilipokatwa, zahanati nyingi zilizokuwa zinatupokea bila kutusengenya zilifungwa. Nakuambia haya ili usije ukakuta nisichokuambia.

Sasa fanya hivi. Matokeo yakitoka, omba chuo cha mbali na Tanga, Dodoma au Mbeya, popote. Mtoto anayekwenda chuo husindikizwa stendi kwa baraka, hafukuzwi na mtu. Jifunike na huo mwavuli uliopo. Omba mkopo wa serikali usimtegemee mjomba kwa kila kitu. Fungua laini yako ya simu kwa kitambulisho chako, weka akiba humo hata kama ni kidogo. Picha na mazungumzo yote yaliyo kwenye simu yafute leo, na hao wa mtandaoni usiwatumie sura yako. Huko chuoni usiharakishe kumwambia mtu. Tazama kwanza nani anawasema wenzake vibaya na nani anakaa kimya, anza na huyo anayekaa kimya.

Suala la mganga: sema una homa, sema una mtihani wa kazi, nenda kwa bibi. Una ndugu yeyote wa kike wa kukupokea wiki chache?

Kijana wa Tanga:

Nina shangazi Korogwe. Hana maneno mengi. Huwa ananiita "mume wangu" tangu nikiwa mtoto, ananipenda. Naweza kwenda kesho nikisema nakwenda kumsaidia shambani. Tatizo vyeti vyangu vyote viko kwa baba, kabati lina kufuli, na cheti cha kuzaliwa kimo humo.

Dada wa Magharibi:

Nenda kwa shangazi mdogo wangu. Nenda kesho.

Mtoto wa Stesheni:

Nenda, na umuage baba yako vizuri, usiondoke kwa ugomvi.

Vyeti visikuzuie. Namba ya mtihani wako wa kidato cha nne na cha sita iandike mahali, matokeo yanaonekana kwa namba hiyo. Cheti cha kuzaliwa unaweza kuomba nakala RITA, wale wanaosajili vizazi, ofisi ya wilaya itakuelekeza, uwe na majina kamili ya wazazi na mahali ulipozaliwa. Kitambulisho cha taifa cha NIDA, kama namba unayo kichwani au kwenye simu, inatosha kuanzia. Shangazi akikuuliza vya nini, mwambie ni vya kuombea chuo, na ni kweli ni vya kuombea chuo.

Ukifika Korogwe nijulishe.

Kijana wa Tanga:

Sawa kaka. Namba ya NIDA ninayo. Gari la kwanza linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, nitakuandikia nikifika.